Barua ya wazi kwa wanaowateua madaktari kuongoza hospitali: fundisheni kwanza

Kwa mawaziri wa afya, wenyeviti na wajumbe wa bodi za hospitali, na wakuu wa vyuo vya udaktari.

Waheshimiwa,

Barua ya kumteua mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, huwa fupi. Ina jina la mteuliwa, tarehe ya kushika madaraka, pengine na kiwango cha posho, halafu inamtakia kila la heri. Mimi ni katibu wa hospitali. Ndiye ninayezisajili barua hizo, na ndiye ninayemwekea bosi mpya mafaili mezani asubuhi ya kwanza: bajeti ya mwaka iliyokwisha kuliwa nusu, madai ya wazabuni, mashauri ya nidhamu aliyoyaacha mtangulizi wake, hoja za mkaguzi zinazosubiri majibu. Anayeyapokea mafaili hayo jana yake alikuwa thieta. Ni daktari bingwa ambaye ningemkabidhi tumbo langu alipasue bila wasiwasi wowote. Leo anaulizwa kama fedha za dawa zihamishiwe kwenye fungu la mafuta ya jenereta, naye hajawahi kuambiwa kwamba uhamisho wa namna hiyo unataka kibali, wala kibali chenyewe hutolewa na nani.

Simlaumu. Amesoma udaktari miaka mingi, akafanya kazi kwa vitendo chini ya wakubwa wake, akaongeza ubingwa, na katika muda wote huo hakutokea mwalimu wa kumweleza jinsi hospitali inavyoendeshwa. Nawaandikia ninyi kwa sababu uteuzi uko mikononi mwenu, na mitaala pia. Ninachoomba ni kwamba daktari afundishwe uongozi na menejimenti kabla ya kukabidhiwa hospitali au idara, na mafunzo hayo yawe sharti la uteuzi. Kwa sasa, mahali pengi, huja baada ya uteuzi, tena kama yakija.

Niondoe shaka mapema, maana barua kama hii ikitoka kwa mtu wa utawala inaweza kusomwa kama njama ya kuwaondoa madaktari kwenye viti. Sivyo kabisa. Mwaka 2011 mtafiti Amanda Goodall alichapisha uchunguzi wa hospitali zilizoorodheshwa kuwa bora Marekani katika tiba ya saratani, ya moyo na ya mfumo wa chakula, akaangalia ni nani wanaoziongoza. Alama za ubora za hospitali zilizokuwa chini ya madaktari zilizidi za nyingine kwa takriban asilimia 25. Mwenyewe alitahadharisha kwamba hilo halithibitishi kuwa daktari ndiye aliyeleta ubora. Huenda hospitali nzuri ndizo zinazopenda kuongozwa na madaktari. Tahadhari hiyo naiheshimu. Hata hivyo nikiangalia kazi ninayoiona kila siku, sishangazwi na matokeo yake. Daktari anajua kwa nini muuguzi wa zamu ya usiku amekosea hesabu ya dripu. Akimwambia daktari mwenzake kwamba jambo fulani lisirudiwe, anasikilizwa. Sisi watu wa mafaili tukisema neno hilohilo, tunaambiwa hatujui tiba, na ni kweli hatuijui.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa ukae karibu na huo. Wachumi Nicholas Bloom, Renata Lemos, Raffaella Sadun na John Van Reenen, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipima ubora wa uendeshaji wa hospitali katika nchi mbalimbali, walichapisha mwaka 2020 jambo la kufikirisha. Hospitali zilizo karibu na vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari na biashara kwa pamoja zilikuwa zinaendeshwa vizuri zaidi, na wagonjwa wao wa mshtuko wa moyo walikuwa wanakufa kwa uchache zaidi. Kuwa karibu na chuo chenye fani moja tu kati ya hizo mbili hakukuonyesha faida hiyo. Daktari peke yake hatoshi, na msomi wa biashara peke yake hatoshi.

Wala hoja hii si ya leo. Mwaka 1983 serikali ya Uingereza ilimwomba Roy Griffiths, mtu wa biashara ya maduka makubwa, aichunguze huduma ya afya ya taifa. Aliona kwamba kama Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu aliyezungukia wagonjwa usiku na taa, angekuwa anapita koridoni na taa yake siku zile, bila shaka angekuwa anawatafuta wenye madaraka. Mzaha huo umerudiwa mno. Katika taarifa hiyohiyo kuna jambo zito zaidi ambalo halirudiwi sana: kwamba maamuzi ya madaktari ndiyo kwa sehemu kubwa yanayoamua rasilimali zote za hospitali zitumikeje, kwa hiyo wanapodai uhuru wa kutibu waukubali na wajibu wa menejimenti unaofuatana nao. Mhasibu wetu hana mamlaka ya kutumia fedha kama aliyonayo daktari kijana wa zamu ya usiku. Anayeagiza kipimo, anayemlaza mgonjwa, anayesema abaki siku mbili zaidi tumwangalie, huyo ndiye mtumiaji mkuu wa bajeti. Kwa maana hiyo kila daktari ni meneja tayari, ila hakuna aliyemfundisha umeneja.

Niseme sasa ni nini hasa anachokikosa, maana watu wakisikia menejimenti hufikiria fomu na mihuri.

Daktari amefundishwa kumtazama mgonjwa aliye mbele yake. Huo ndio uadilifu wa kazi yake na usiguswe. Kiongozi wa hospitali anatakiwa awaone pia wagonjwa ambao hawajafika mlangoni, na wale walio koridoni ambao kitanda chao kimekaliwa na mtu aliyekwisha kupona. Nitatoa mfano wa vitanda kwa sababu ndio unaonisumbua kila wiki. Wodi zimefurika, watu wanalala chini, na mganga mfawidhi mpya anaandika barua kuomba vitanda zaidi. Nami huichapa barua hiyo, ingawa najua tatizo mara nyingi liko kwenye saa. Raundi inaanza saa nne asubuhi kwa sababu bingwa alianzia kliniki. Ruhusa zinaandikwa adhuhuri. Dawa za kwenda nazo nyumbani zinatoka famasia saa tisa alasiri, bili inafungwa saa kumi, na ndugu wa mgonjwa anafika magharibi kwa kuwa ndipo alipopata taarifa. Kutwa nzima kitanda kimekaliwa na mtu mzima wa afya aliyekwisha kuvaa viatu, wakati kule dharura kuna mama aliyekalia benchi tangu alfajiri.

Mwaka 1961 mtaalamu wa hesabu John Little alithibitisha kanuni fupi inayotumika kwa foleni za kila aina: wastani wa walio ndani ni sawa na wastani wa wanaoingia kwa siku mara muda ambao kila mmoja anakaa. Wakiingia wagonjwa 20 kwa siku na kila mmoja akakaa siku 5, watakuwemo 100. Punguza nusu siku tu kwenye ukaaji huo, watakuwemo 90. Hapo umepata vitanda 10 bila kuita fundi. Utafiti mwingine wa mwaka 1999, uliofanywa Uingereza kwa kuiga mwenendo wa hospitali kwenye kompyuta, ulionyesha kwamba wastani wa vitanda vilivyokaliwa ukipita asilimia 85 hatari ya kukosa nafasi kwa wagonjwa wa dharura huanza kuonekana, na ukifika 90 uhaba unakuwa jambo la kawaida. Wagonjwa hawaji kwa mpangilio, kwa hiyo hospitali isiyo na nafasi iliyobaki wazi haina pa kuwaweka siku wanapokuja wengi. Mimi nimewahi kusikia kitanda kitupu kikitajwa kikaoni kama dalili ya uvivu, na wajumbe wakatikisa vichwa kukubali.

Hesabu hiyo haimshindi mtu aliyefaulu fiziolojia. Akionyeshwa mara moja ataielewa kuliko mimi. Ugumu unakuja baada ya kuielewa, kwa sababu inabidi bingwa aanze raundi saa mbili, mfamasia apange watu wake upya, mhasibu afungue dirisha la malipo mapema, na muuguzi wa wodi ampigie ndugu wa mgonjwa simu jana yake. Ni idara nne, na hakuna hata moja inayoamini kwamba vitanda ni shida yake. Cheti cha ubingwa hakisaidii hapo. Bosi asiyefundishwa hutoa waraka, waraka hubandikwa ubaoni, na baada ya wiki mbili juu yake kunabandikwa tangazo la msiba.

Historia ya tiba yenyewe ina ushahidi kwamba kuwa sahihi hakutoshi. Daktari Ignaz Semmelweis, katika wodi ya uzazi pale Vienna mwaka 1847, aliwataka madaktari wanaotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Vifo katika wodi yake vilikuwa vimefika kama asilimia 18 mwezi Aprili. Katika miezi michache vikashuka hadi karibu asilimia 2. Takwimu alikuwa nazo. Lakini alichelewa mno kuziandika, hakujenga kundi la kumuunga mkono, aligombana na wakubwa wake, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1861 na kupokewa kwa baridi alianza kuandika barua za wazi akiwaita maprofesa wauaji. (Kuhusu barua za wazi, nitajitahidi nisifuate nyayo zake.) Wenzake wengi walikataa, na wanawake wakaendelea kufa kwa ugonjwa ambao kinga yake ilikuwa inajulikana.

Mfano wa karibu zaidi ni orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ule ukurasa mmoja ambao timu ya thieta inausoma kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kukata na kabla mgonjwa hajatoka. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, tajiri na maskini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Halafu jimbo la Ontario huko Kanada likaziamuru hospitali zitangaze hadharani kiwango chao cha kuitumia. Watafiti wakachunguza hospitali 101, wakachapisha mwaka 2014: karibu hakuna badiliko. Vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haikuhesabika. Karatasi ni ileile. Wataalamu wamebishana sana kwa nini, na wapo wanaosema matokeo ya kwanza yalikuzwa. Maelezo ninayoyaona mazito mimi ni kwamba kwenye majaribio ya mwanzo kila mahali kulikuwa na watu wa kuisimamia, timu zilizofundishwa, na takwimu zilizorudishwa kwa wahusika wazione, wakati amri ya kutoka juu ilizaa vikasha vilivyowekwa alama ya tiki. Nimeona tiki za namna hiyo. Huwekwa zote kwa kalamu moja, mwisho wa siku, na mtu mmoja aliyekaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nisingethubutu kulisema kwenye kikao cha menejimenti, ndiyo maana naliandika. Madaktari wamelelewa katika ngazi. Mdogo hamkosoi mkubwa, na muuguzi hamkosoi yeyote mwenye koti refu. Daktari huyo akipewa hospitali nzima bila kufundishwa namna nyingine ya kuongoza, anaipeleka ngazi ileile hadi kwa dereva wa gari la wagonjwa. Kikao cha kujadili vifo kinageuka mahakama. Watu wanajifunza kunyamaza.

Mtafiti Amy Edmondson aliwahi kuchunguza wodi kadhaa katika hospitali mbili akitaka kuonyesha kwamba timu zinazofanya kazi vizuri pamoja hukosea dawa mara chache zaidi. Akakuta kinyume. Wodi zenye uongozi mzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye vitabu. Alipochimba, mwaka 1996 akaandika alichokiona: wodi hizo ziliripoti zaidi kwa sababu watu wake hawakuogopa kusema, na pale penye bosi mkali makosa yalifichwa. Waheshimiwa, mnapokaa kwenye bodi na kusifu hospitali isiyo na ripoti hata moja ya kosa mwaka mzima, mnasifu nini? Swali hilo na ninyi mnahitaji kufundishwa kuliuliza. Nawaomba radhi kwa kulisema hivyo.

Hospitali ya mji wa Bristol, huko Uingereza, inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Kati ya mwaka 1991 na 1995 watoto wa chini ya mwaka mmoja waliopasuliwa moyo katika hospitali ile walikufa 30 hadi 35 zaidi ya ilivyotarajiwa kwa kituo cha kawaida. Daktari wa usingizi, Stephen Bolsin, alikuwa amekusanya takwimu na kupiga kelele kwa muda mrefu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Ian Kennedy ilitoa taarifa mwaka 2001 ikieleza hospitali iliyoendeshwa na kikundi kidogo cha wakubwa, ambamo mwenye wasiwasi hakuwa na mlango wa kuupeleka. Mtendaji mkuu wa hospitali alikuwa daktari kwa taaluma. Mwaka 1998 alifutwa kwenye rejista ya madaktari kwa sababu alipata taarifa na hakuchukua hatua. Alikata rufaa akidai kwamba alikuwa mtawala, hakuwa anatibu. Rufaa ikashindwa mwaka 1999: daktari akiwa kwenye kiti cha utawala bado ni daktari, na wajibu wake kwa wagonjwa haukomei kwenye mlango wa ofisi. Mnapomteua daktari bila kumwandaa, leseni yake ya tiba mnaiweka rehani pamoja na maisha ya wagonjwa. Sijui ni wangapi wangeusaini uteuzi kama hili lingeandikwa humo.

Kuhusu fedha na vifaa sitakaa sana. Mashine inanunuliwa au inapokewa kama msaada, inazinduliwa kwa picha, na hakuna aliyeuliza bei ya vitendanishi vyake, yaani kemikali inazotumia kupima, nani anaitengeneza, vipuri vinatoka wapi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi zenye uwezo mdogo havifanyi kazi. Daktari aliyefundishwa kuuliza gharama za miaka yote ya mashine hiyo, badala ya bei ya siku ya kwanza, angekataa baadhi ya zawadi. Hilo linataka ujasiri, na ujasiri wa namna hiyo huja rahisi zaidi kwa mtu anayejua hesabu zake.

Sasa mafunzo yenyewe. Najua mtakavyoniambia: yapo. Ndiyo, yapo, ya siku tatu kwenye ukumbi, yenye slaidi kuhusu sifa za kiongozi bora, vyeti na picha ya pamoja. Nimeandaa mengi ya aina hiyo na malipo yake nimeyapitisha mimi. Anayerudi hurudi na begi na kalamu. Jumatatu anakuta meza ileile, na hakuna anayemuuliza alichojifunza. Kama fedha zilizopo ni za hayo tu, bora zinunue glavu.

Yanayofaa ni ya muda mrefu na yanafanyikia kazini. Daktari anayeonekana kufaa kuongoza atambuliwe mapema, mwaka mmoja au miwili kabla ya kupewa kiti. Apewe tatizo moja la kweli la hospitali yake, kama hilo la ruhusa za wagonjwa au thieta inayochelewa kuanza, alishughulikie pamoja na muuguzi mfawidhi wa wodi, mfamasia, mhasibu na ofisa ugavi, wote wakiwa wanafunzi darasa moja. Sisitizo langu liko hapo kwenye darasa moja. Kuwafundisha madaktari uongozi wakiwa wenyewe kwa wenyewe ni kuwafundisha kuongozana, na hospitali haina madaktari peke yao. Asome ripoti ya fedha ya hospitali yake mwenyewe, mstari kwa mstari, hadi aweze kuitetea mbele ya bodi. Akae kwenye usaili wa kuajiri na kwenye shauri la nidhamu kama msikilizaji. Apate mtu mzima wa kazi, mganga mfawidhi mzoefu wa hospitali nyingine, wa kumpigia simu usiku mambo yakimzidi. Na apimwe kwa lile tatizo alilopewa: wagonjwa wanaruhusiwa saa ngapi sasa?

Vyuoni msisubiri ubingwa. Kanada wamekwisha kuuweka uongozi miongoni mwa majukumu saba ambayo kila daktari bingwa anaandaliwa kuyabeba, sambamba na utaalamu wa tiba na mawasiliano. Daktari aliye kwenye mazoezi anaweza kuanza na kupanga ratiba ya zamu. Hakuna darasa la uongozi kali kuliko kugawa zamu za sikukuu kwa watu kumi na wawili wenye sababu nzuri.

Wala sisemi kila mfawidhi awe na shahada ya uzamili ya biashara. Sharti hilo lingetuletea wenye vyeti na kuwaacha nje wenye uwezo, na wengine wangeikimbilia shahada kama ngazi ya kuihama hospitali.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu: kwamba mafunzo haya yatawageuza madaktari kuwa watu wa tarakimu. Hofu hiyo ina msingi. Katika hospitali ya Stafford, Uingereza, uongozi ulikazana kutimiza malengo ya kifedha na ya kiutawala huku wagonjwa wakikosa hata mtu wa kuwapa maji. Lakini isomeni vizuri taarifa ya mwaka 2013 ya Robert Francis, aliyeongoza uchunguzi wa hospitali hiyo. Inaeleza pia kwamba madaktari bingwa wa pale walijitenga na menejimenti, na waliokuwa na wasiwasi hawakuusukuma kwa nguvu. Tarakimu ziliachiwa watu wasiowaona wagonjwa, na waliowaona wagonjwa waliona tarakimu si kazi yao. Kumfundisha daktari kuzisoma ndiyo njia ya kuzikatalia zinapodanganya.

Pingamizi la pili ni uhaba: madaktari wenyewe hawatoshi, tutawatoaje wodini wakasome? Najibu kwa swali. Bingwa anayekesha kwenye vikao visivyo na ajenda na kusaini karatasi ambazo karani angezisaini, tayari hajatoka wodini? Mwacheni aendelee kutibu siku moja au mbili kwa wiki hata akiwa kiongozi, asipoteze mkono wake wala heshima ya wenzake, na karatasi hizo mzikabidhi kwa wenye kazi yao.

Halafu kuna jambo ambalo mafunzo hayawezi kulitibu, nalo liko kwenu peke yenu. Mtu mliyemfundisha vizuri kisha mkamnyima mamlaka ya kubadili ratiba, kuhamisha fedha ndogo bila kusubiri miezi, au kumwajibisha bingwa mwenye jina kubwa, mtamvunja moyo haraka kuliko yule asiyejua kitu. Atajua kinachotakiwa na atajua hawezi. Wa namna hiyo huomba kurudi thieta, na sina ubavu wa kumzuia.

Kwa hiyo anzeni na walio chini ya uteuzi ujao. Waleteni kwetu sasa. Makatibu, wahasibu, wafamasia na wauguzi wafawidhi tunaweza kuwafundisha sehemu kubwa ya haya bila ukumbi na bila posho, mradi ratiba imruhusu daktari kukaa nasi asubuhi moja kila wiki akiwa bado mwenzetu. Wakati huo atauliza asichokijua, nasi tutamwambia ukweli. Akishakuwa bosi, ni wachache sana kati yetu watakaothubutu kumwambia kwamba hajaelewa.

Wasalaam,

Katibu wa hospitali